Nani Anaipima SUA?

Kila inapotoka orodha mpya ya vyuo vikuu bora, chumba cha habari huchangamka. Kazi ya mwandishi kijana kama mimi inajulikana: unafungua orodha, unashuka nayo mpaka uione Tanzania, unatazama Mlimani wameshika nafasi ya ngapi, halafu unaandika kama tumepanda au tumeshuka. Vyuo vidogo vya umma vinapewa aya moja ya mwisho, na nafasi ikibana gazetini aya hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa.

Leo naomba niongelee chuo kimoja kati ya hivyo vya aya ya mwisho: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichopo Morogoro, mji kasoro bahari. Nina swali moja tu. Taifa lilikitambua vipi chuo hiki, na hawa wapanga orodha wanakitambua vipi? Hayo ni mambo mawili tofauti, ndugu zangu, na naona siku hizi tumeyachanganya.

Tuanze na historia. Mwaka 1965 pale Morogoro palikuwa na chuo cha kilimo kinachotoa stashahada. Nchi ilikuwa na miaka minne ya uhuru na ilihitaji mabwana shamba haraka. Baadaye chuo kikageuzwa kuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 ikaongezwa misitu, na mwaka 1976 tiba ya mifugo. Angalieni mpangilio huo: shamba, msitu, ng'ombe. Kilichoongezwa kila mara ni kitu ambacho wananchi wengi walikuwa wanakitegemea kuishi.

Kisha ukaja mwaka 1984. Tarehe 12 Aprili, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari pale Wami-Dakawa, mkoani Morogoro, akitokea Dodoma. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo kitivo kikawa chuo kikuu kamili kwa Sheria Namba 6 ya 1984, kikapewa jina lake. Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Fikirieni uzito wa jambo lile. Nchi iko kwenye msiba, uchumi ni mbaya, bidhaa madukani ni za kutafuta kwa tochi, na jina la kiongozi aliyeliliwa nchi nzima linawekwa kwenye chuo cha kilimo. Kwangu mimi huko ndiko kutambuliwa kitaifa. Hakukuwa na nafasi ya kwanza wala ya mia. Kulikuwa na sheria, jina, na kazi ya kufanya.

Utambuzi wa kisheria uliendelea. Mwaka 1995 likaanzishwa Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu, na mwaka 2005 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwaka 2007 SUA ikapata hati idhini yake chini ya sheria mpya ya vyuo vikuu. Ithibati haiulizi nani kamshinda nani. Inauliza kama walimu wapo, mitaala inafaa na maabara zinafanya kazi.

Sasa tuje kwenye orodha. Ile ya Shanghai ilianza mwaka 2003. Asilimia 30 ya alama zake zinatokana na washindi wa tuzo ya Nobel na medali ya Fields waliosoma au kufundisha chuoni. Asilimia 20 nyingine ni makala katika majarida mawili tu, Nature na Science. Mwaka 2004 ikaja ya Times kwa kushirikiana na QS, iliyokuwa ikiwauliza wasomi chuo gani wanakiheshimu. Mwaka huohuo Wahispania wakaleta Webometrics, inayotazama zaidi uwepo wa chuo kwenye intaneti.

Jamani, Nobel haina hata tuzo ya kilimo! Norman Borlaug, Mmarekani aliyezalisha mbegu za ngano zilizookoa watu wengi na njaa, ilibidi apewe ile ya amani, mwaka 1970. Kwa mizani kama hiyo SUA itapata alama wapi?

Wakati huo kazi inafanyika. Watafiti wa SUA walitoa mbegu ya maharage iitwayo SUA 90 mwaka 1990, Rojo mwaka 1997, kisha Mshindi na Pesa mwaka 2006. Mama anayepanda Rojo hajui chuo kimeshika nafasi ya ngapi, anachojua ni mavuno.

Halafu kuna panya buku. Tangu mwaka 2000 shirika la Kibelgiji la APOPO limekuwa likishirikiana na SUA kufundisha panya hawa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye kunusa makohozi ili kugundua kifua kikuu. Walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu hayo mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa SUA, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa medali ya dhahabu ya ushujaa. Panya wa Morogoro kavishwa medali na shirika la Ulaya, lakini hakuna safu ya kumhesabu kwenye orodha ya Shanghai.

Sisemi orodha hazina maana yoyote. Webometrics na wenzake wametusukuma kwenye jambo moja muhimu: kuweka tafiti zetu wazi. Tasnifu iliyofungiwa kabatini haimfikii mkulima wala mwanafunzi wa Mbeya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini zama hizi kizuri kisichoonekana kwenye intaneti hakijiuzi. SUA leo ina hazina yake ya kidijitali ambayo yeyote anaweza kusoma kazi za watafiti wake. Hilo ni jema, hata kama lilianza kwa kuogopa nafasi.

Wasiwasi wangu ni pale nafasi inapogeuka lengo. Mhadhiri anayepandishwa cheo kwa makala za majarida ya nje, na si kwa mbegu au kwa kipeperushi cha Kiswahili alichomwandikia mfugaji wa Kilosa, atafuata njia gani? Mzazi anayemwambia mwanawe asiende Morogoro kwa sababu chuo kiko chini kwenye orodha amepima nini hasa?

Wadau, vyuo vyetu tuvipime, tena kwa ukali. Tuulize wahitimu wako wapi, mbegu zao zimefika vijiji gani, ng'ombe wangapi wamepona. Maswali hayo yanajibika hapahapa nchini, na SUA ilianzishwa ili iyajibu.