Kiwira, Mgodi wa
Mgodi wa makaa ya mawe kusini-magharibi mwa Tanzania, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1988. Tofauti na migodi ya juu ya ardhi, hapa wachimbaji walishuka chini, kwenye hatari zake: gesi ya methani inayolipuka kwa cheche moja, paa linaloporomoka, vumbi linaloganda mapafuni. Wafanyakazi wa migodi nchini hutetewa na vyama vya wafanyakazi kama TAMICO na NUMET. Mkataba Na. 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1995, unampa mchimbaji haki ya kuondoka penye hatari. Lakini kibarua asiye na chama ataitumiaje? Miaka ya 2000 mgodi wa Kiwira ulibinafsishwa, kisha ukarejeshwa serikalini chini ya STAMICO, Shirika la Madini la Taifa.