Shali ilikuwa kwa nani? Kuupima ushahidi wa mauaji ya Whitechapel

Miaka michache iliyopita nilisimama mbele ya wanafunzi wangu nikatamka, tena kwa kujiamini, kwamba kitendawili cha muuaji wa Whitechapel kimeteguliwa. Nilikuwa nimesoma kuwa vipimo vya DNA vilivyofanyiwa shali kuukuu vimemfichua: Aaron Kosminski, kinyozi Myahudi aliyehamia London kutoka Poland. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Mwalimu, hiyo shali ilikuwa kwa nani miaka yote hiyo?" Nikakohoa. Jibu sikuwa nalo.

Msomaji, tuanze na yasiyo na ubishi. Baina ya Agosti 31 na Novemba 9, 1888, waliuawa Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly katika mitaa ya makabwela mashariki mwa London. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa. Lakini mbona tunasema watano? Faili ya polisi ina mauaji 11, hadi 1891. Hesabu ya watano aghalabu hunasibishwa na Melville Macnaghten, afisa mkuu aliyeandika hati yake 1894, naye alijiunga na polisi 1889, mauaji hayo yakiwa yameshapita. Katika hati hiyo anamtaja mshukiwa Montague Druitt kuwa daktari wa miaka 41 hivi. Druitt alikuwa wakili na mwalimu, na alifariki akiwa na miaka 31. Mshukiwa wake mwingine, Michael Ostrog, ilikuja kubainika alikuwa kifungoni Ufaransa wakati huo. Afisa huyu ndiye tegemeo la vitabu vingi, jamani!

Hata jina "Jack the Ripper" halikutoka kwa shahidi yeyote. Lilitoka katika barua ya Septemba 25, 1888, iliyotumwa kwa shirika moja la habari. Baadaye maafisa kadhaa wa polisi walishikilia kuwa mwandishi wake alikuwa mwanahabari. Sisi wa magazeti hapo tutazame chini kidogo.

Ila kinachonikosesha usingizi mimi mtu wa lugha ni sentensi moja ya chaki. Usiku wa kuamkia Septemba 30 waliuawa wawili, Stride na Eddowes. Saa tisa kasoro dakika tano hivi alfajiri, konstebo Alfred Long aliokota kipande cha aproni chenye damu mlangoni pa jengo la Goulston Street. Juu yake, ukutani, palikuwa na maandishi yaliyowataja Wayahudi, kwa tahajia ya ajabu: "Juwes". Kipande kile kililingana na aproni aliyovaa Eddowes. Huo ni ushahidi hasa. Maandishi je?

Mkuu wa polisi, Charles Warren, aliamuru yafutwe kabla ya kupigwa picha. Alihofia kuwa umati wa sokoni ukiyaona, Wayahudi wa mtaa huo wangeshambuliwa. Hofu yake haikuwa bure, kwani wiki chache kabla, fundi viatu Myahudi, John Pizer, alikuwa amekamatwa kwa tetesi za mtaani kisha akaachiliwa. Basi tukabaki na nakala za askari, nazo hazikubaliani. Kwa Kiswahili, nakala ya Long ni kama kusema Wayahudi ndio watu ambao hawatalaumiwa bure. Ya mpelelezi Daniel Halse ni kama kusema Wayahudi sio watu watakaolaumiwa bure. Kikanushi kimehama mahali, na maana imehama nacho.

Aidha, sisi tukisema "hakuna asiyejua" tunamaanisha wote wanajua: kanushi mbili zinafutana. Katika Kiingereza cha vibarua wa London, kanushi mbili zilitilia mkazo tu, hivyo sentensi ile yaweza pia kuwa na maana kwamba hawatakubali lawama yoyote. Je, ni muuaji akiwasingizia Wayahudi? Au ni mteja aliyepunjwa na mwenye duka, akachora ukutani siku kadhaa kabla? Mimi naegemea la pili, kwa kuwa kuta za mtaa ule hazikukosa maandishi. Lakini naegemea tu, siapi.

Nilirudi darasani muhula uliofuata na jibu la yule msichana. Shali ilinunuliwa mnadani 2007, ikiandamana na hadithi ya ukoo kwamba askari Amos Simpson aliichukua mwili wa Eddowes ulipookotwa. Simpson alikuwa polisi wa jiji kuu, ilhali Eddowes aliuawa katika eneo la kikosi kingine, cha City. DNA iliyopimwa ni ile irithiwayo kwa mama, ambayo watu wengi huwa nayo kwa pamoja, na shali yenyewe imepita mikono mingi. Halafu kuna orodha. Polisi waliandika kila kitu alichokuwa nacho marehemu, nami niliisoma orodha hiyo mbele ya darasa: kikopo cha chai, kikopo cha sukari, vipande sita vya sabuni, vitambaa vyeupe 12, glavu moja nyekundu.

"Shali haimo," akasema yule msichana.

Haimo.