Kiingilio cha Wageni: Mlango wa Uwanja na Mapenzi ya Timu katika Ukanda wa Dhahabu

Tarehe 10 Agosti 1974 Simba na Yanga walitoka Dar es Salaam wakaja kuamua ubingwa wa Tanzania kwenye Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Adam Sabu aliitanguliza Simba mapema. Gibson Sembuli akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akaifungia Yanga bao la pili. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanaisimulia mechi hiyo kana kwamba ilichezwa juzi, hata wale waliobaki nje ya ukuta kwa kukosa tiketi.

Naanzia hapo kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba ni televisheni iliyowateka watu wa Shinyanga na Geita wakaziacha timu za kwao. Si kweli. Mapenzi ya timu za Kariakoo, yaani Simba na Yanga, yana umri mkubwa kuliko king'amuzi chochote. Yanga ilianza 1935, na Simba ikafuata mwaka mmoja baadaye, ingawa kwa muda mrefu ilijulikana kama Sunderland, hadi 1971. Tawi la reli kutoka Tabora hadi Mwanza, linalopita Shinyanga, lilikamilika 1928. Kwa miongo kadhaa njia hiyo ndiyo iliyoleta makarani, mafundi, wanunuzi wa pamba, magazeti na habari za mjini. Kisha ikaja redio. Sauti ya Ahmed Jongo, na baadaye ya Charles Hilary, kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam iliwafanya watu ambao hawajawahi kukanyaga Kariakoo wajue mpira uko kwa nani, Msimbazi kwa Simba au Jangwani kwa Yanga. Mtoto aliyezaliwa Kahama au Sengerema alirithi timu kutoka kwa baba au mjomba kama alivyorithi jina la ukoo.

Timu za mikoani nazo zilikuwa na enzi zao. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Mwaka 1990 Pamba ya Mwanza ilibeba Ligi ya Muungano, na Mtibwa Sugar ikachukua ligi mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Ukiziangalia kwa karibu, nyingi kati ya hizo zilikuwa na mgongo wa kuegemea nje ya mlango wa uwanja: kiwanda, shirika, zao la biashara. Pamba ililelewa na sekta ya pamba, kama jina lake linavyosema. Sekta ilipoyumba, timu nayo ikayumba, ikashuka daraja, na ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 tu, safari hii ikiitwa Pamba Jiji na ikiwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Zaidi ya miaka 20 ilipita katikati, na kizazi kizima cha watoto wa Mwanza kilikua bila timu hiyo kwenye ligi ya juu. Watoto hao walishangilia nani? Jibu linajulikana.

Sasa tuje Rwamgasa. Kijiji hiki kiko zaidi ya kilomita 30 kusini-magharibi mwa mji wa Geita, na uhai wake ni maduara ya kuchimbia, makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu. Wako Wasukuma na Wazinza, wako Waha, Wahaya, Wajita na Wakurya, wako vijana wa Singida na Mbeya waliosikia kwamba dhahabu imetema. Wengi wamekuja na rashi, msukumo wa kukimbilia dhahabu mpya, na wataondoka na rashi: leo Rwamgasa, kesho Nyarugusu, keshokutwa Mgusu. Timu ya mahali haiwezi kumfuata mtu wa namna hiyo. Simba na Yanga zinaweza. Mchimbaji anapofika kambi ngeni hana shamba, hana ndugu, mwenyekiti wa kitongoji hamjui. Akitaja timu yake jioni ya kwanza, ameshapata watu wa kukaa nao na watani wa kutaniana nao. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya ushabiki wa timu kubwa katika ukanda wa dhahabu, kubwa kuliko makombe na kuliko matangazo: ni ushabiki unaobebeka.

Mahali pa ushabiki huo ni kibanda umiza, banda la kulipia kutazama mechi. Mabanzi, turubai, mabenchi ya mbao yasiyopigwa randa, king'amuzi kimoja na televisheni mbili. Kiingilio ni shilingi 500, na siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, hupanda hadi 1,000. Mlangoni hukaa kijana mwenye kalamu ya wino mzito, anamchora alama kila aliyelipa ili akitoka kununua maji aweze kurudi. Watu wa makarasha wana vumbi la mawe hadi kwenye kucha na wino haushiki viganjani mwao, kwa hiyo alama zao huchorwa upande wa ndani wa kiwiko. Walioingia mapema wanajigawa wenyewe bila kuambiwa, Yanga upande mmoja, Simba upande wa pili, na mgeni asiyejua utaratibu huulizwa kwanza yeye ni wa wapi, wakiwa na maana ya timu.

Shilingi 1,000 ya kibanda na bei ya tiketi ya uwanjani ni vitu viwili tofauti kabisa. Katika viwanja vya mikoa, mechi ya kawaida ya Ligi Kuu mara nyingi huuzwa shilingi 2,000 au 3,000 kwa majukwaa ya mzunguko. Wakija Simba au Yanga, mzunguko uleule hupanda hadi 5,000, wakati mwingine 10,000, na jukwaa kuu huenda juu zaidi. Zamani mapato ya mlangoni yaligawanywa baina ya timu zote mbili baada ya makato ya kodi, uwanja na vyama; baadaye kanuni zikamwachia mwenyeji mlango wake. Badiliko hilo lilionekana la haki, na kwa sehemu lilikuwa la haki. Lakini kwa klabu ndogo yenye mashabiki mia chache kwenye mechi ya kawaida, mlango wenye faida ni ule wa siku mbili kwa mwaka. Mhasibu wa klabu hiyo, ratiba ikitoka, hutafuta kwanza tarehe hizo mbili.

Siku hizo uwanja hujaa, lakini hujaa kwa rangi za wageni. Mwenyeji anatoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha kwake na kuzomewa na majirani zake. Nimewahi kusikia watu wakiwalaumu majirani hao kwa usaliti. Mimi siwalaumu. Mtu aliyelipa 10,000 amelipia kitu anachokipenda tangu utotoni, na klabu ya nyumbani ndiyo iliyopandisha bei ikijua kwamba anawafuata wageni. Biashara yenyewe imepangwa hivyo.

Wakati mwingine mwenyeji alishinda. Tarehe 19 Januari 2019, kwenye Uwanja wa CCM Kambarage mjini Shinyanga, Jacob Massawe aliifungia Stand United bao pekee dhidi ya Yanga dakika za mwishomwisho, na Yanga ikapoteza mechi kwa mara ya kwanza msimu ule. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo, Kambarage tena, Gerald Mdamu wa Mwadui akaifunga Simba bao moja kwa bila, nao ukawa mchezo wa kwanza Simba kupoteza msimu wa 2019/20. Mji mmoja, uwanja mmoja, miezi tisa.

Stand United ni kisa kinachostahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa ni timu iliyozaliwa na watu. Ilianzia stendi ya mabasi ya Shinyanga, kwa wapiga debe, madereva, makondakta na wachuuzi wa hapo, na jina lake limebaki na asili hiyo. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, ikaingia nayo mkataba wa udhamini wa mabilioni ya shilingi. Akaja kocha Mfaransa, Patrick Liewig, na kwa muda Shinyanga ilikuwa na timu yenye uhakika wa mishahara. Kisha ukaibuka ugomvi: klabu ni ya wanachama au ni ya kampuni? Pande mbili zilidai timu moja, na mwaka 2016 Acacia ikajitoa. Stand ilijikongoja misimu mingine, na msimu wa 2018/19, ambao Ligi Kuu yenyewe ilichezwa bila mdhamini mkuu, ikashuka. Msimu huohuo Yanga nayo ilikuwa haina fedha, na kocha wake Mwinyi Zahera akawahimiza mashabiki wachange. Wakachanga, nchi nzima.

Hapo ndipo penye uzito. Watu wa kanda hii wako tayari kutoa fedha kwa ajili ya timu, tena nje ya kiingilio, pale wanapoamini kwamba timu ni yao na mchango wao unahesabiwa. Yanga na Simba ziliwajengea imani hiyo kwa miaka 80 na zaidi, kupitia matawi, kadi na mikutano ya wanachama. Hata Simba ilipoamua mwishoni mwa 2017 kumkaribisha mwekezaji, wanachama walibaki na asilimia 51. Ujerumani nayo inalinda kanuni kama hiyo, wanachama wa klabu kubaki na kura nyingi, na wengi wanaamini ndiyo iliyozuia bei za tiketi huko zisikimbie kama Uingereza, ambako Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka uwanjani dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77. Stand walikuwa na mbegu hiyo mkononi, stendi nzima ya watu wanaofahamiana kwa majina, na ugomvi wa nani mwenye timu ukaiponda.

Mwadui ni habari nyingine. Pale mgodi wa almasi ndio mji. Almasi iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na timu imekuwa kivuli cha mgodi. Ilirudi Ligi Kuu 2015/16 chini ya kocha Jamhuri Kihwelo, Julio. Aprili 2020 mgodi ulisimamisha uzalishaji kwa sababu ya kuporomoka kwa soko wakati wa UVIKO-19. Mwisho wa msimu wa 2020/21 timu ilishuka. Sisemi moja limezaa jingine peke yake. Kati ya zilizoshuka nayo msimu huo ilikuwamo Gwambina ya Misungwi, timu ya mtu binafsi, iliyokaa Ligi Kuu msimu mmoja tu.

Geita Gold imepita njia yenye mawe mengi zaidi. Mwaka 2016, ikiwa Daraja la Kwanza, ilimaliza kundi kwa kuifunga JKT Kanembwa mabao 8–0, siku ambayo Polisi Tabora nayo iliifunga JKT Oljoro 7–0. Shirikisho la soka la Tanzania liliona upangaji wa matokeo, likazishusha timu hizo, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza, ambayo mwaka uliofuata ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Geita ilijaribu tena 2019, ikakwama mbele ya Mwadui kwenye mchujo, na hatimaye ikapanda kwa msimu wa 2021/22. Msimu ule wa kwanza, chini ya Fred Felix Minziro, ilimaliza nafasi ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Timu ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Mpole akaenda zake Lubumbashi, kwenye klabu ya Saint-Éloi Lupopo. Mwisho wa 2023/24 Geita ikashuka.

Katika misimu ile, mechi nyingi za nyumbani zilichezwa Nyankumbu, mjini Geita. Zile mbili zenye fedha, dhidi ya Simba na Yanga, zilipelekwa CCM Kirumba, Mwanza, kwa sababu Nyankumbu ni padogo. Kihesabu ilieleweka. Lakini mtazame mchimbaji wa Rwamgasa aliyeingoja siku hiyo. Nauli hadi Geita, nauli hadi Busisi, foleni ya kivuko, Kigongo hadi mjini, chakula, pa kulala, na siku mbili za kazi zimepotea. Kiingilio kilichoandikwa kwenye tiketi kikawa sehemu ndogo ya gharama yake. Aliyebaki kijijini alilipa kibanda umiza, na fedha hiyo haikuifikia Geita Gold hata senti. Sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, Juni 2025, na foleni ya kivuko imebaki historia. Nauli bado ipo.

Viwanja vyenyewe vina historia yake katika bei hizi. Kirumba na Kambarage, kama vingine vingi nchini, vilijengwa enzi za chama kimoja, wananchi wakichangia, na baada ya vyama vingi kurudi 1992 vikabaki mali ya CCM. Klabu inaingia kama mpangaji, na kodi ya uwanja hukatwa kabla mchezaji hajalipwa. Mzee aliyechangia ujenzi wakati ule leo analipa mlangoni kama mtu mwingine yeyote.

Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimezisaidia klabu ndogo kuliko mlango ulivyowahi kuzisaidia, na huo ni ukweli unaopaswa kusemwa waziwazi. Matangazo hayo yameimarisha pia vibanda umiza. Mtu wa Rwamgasa anaiona Geita Gold, kama anataka, akiwa amekaa kwenye benchi kijijini.

Je, anataka? Timu ni ya halmashauri ya mjini Geita, na mdhamini wake mkuu amekuwa mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita, GGML. Rwamgasa iko Halmashauri ya Wilaya. Mwenye duara wa Rwamgasa analipa ushuru wake kwingine, hana kadi ya uanachama, hana mkutano wa kuhudhuria, na jina la dhahabu lililo kwenye jezi ni la mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000, wakati yeye ni mchimbaji mdogo. Kila mwaka, kwenye uwanja wa vumbi wa kijiji, watu walewale huchanga bila kusukumwa: mwenye karasha hutoa jezi, mwenye duara hutoa mbuzi wa zawadi, na mechi za ndondo, mashindano ya mtaani, hujaza pembe zote nne za uwanja bila kiingilio. Geita Gold ingeweza kufungua tawi hapo, ikauza kadi kwa bei ya siku ya kibanda umiza, ikaleta mechi moja ya kirafiki kabla ya msimu, na kumpa mwenye kadi punguzo la Nyankumbu. Mlango wa mechi ya kawaida ndio unaohitaji kujengwa, kwa shilingi 1,000 au 2,000 za watu watakaorudi wiki ijayo, na hilo linawezekana hata timu ikiwa daraja la chini, pengine hasa ikiwa huko, wakati Simba na Yanga hawako kwenye ratiba.