Khabari za Maneno Saba ya Jakarta

Katika mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume Muhammad (S.A.W.) alipofunga mkataba na Makureshi pale Hudaibiya, mwandishi wake alikuwa Sayyidna Ali bin Abi Talib. Ali aliamrishwa aanze kwa "Bismillahir-Rahmanir-Rahim". Suhail bin Amr, mjumbe wa Makureshi, akakataa, akataka paandikwe "Bismika Allahumma" kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu, na Mtume akakubali. Kisha pakaandikwa "Muhammad Mtume wa Mwenyezi Mungu". Suhail akakataa tena, akasema kwamba lau wangalimkiri kuwa ni Mtume wasingalimzuia kuifikia Nyumba Tukufu. Ali akaona uzito kuyafuta maneno yale kwa mkono wake. Mtume akayafuta mwenyewe, ikaandikwa "Muhammad bin Abdullah". Wengi katika Masahaba walirejea na huzuni nyoyoni, na Sayyidna Omar alikuwa miongoni mwa waliouliza kwa uchungu.

Kila Mwislamu amekisikia kisa hiki msikitini au chuoni. Walakini si wengi wanaojua kwamba taifa zima la Kiislamu lilikutwa na mtihani unaofanana nacho katika karne ya ishirini, wakati wazee wake walipoombwa kufuta maneno saba katika tamko la msingi wa dola yao. Taifa hilo ni Indonesia, mojawapo ya nchi mbili zenye Waislamu wengi kabisa duniani, na mwaka ni 1945.

Ngao ya Indonesia, iliyopitishwa mwaka 1950, ni ndege Garuda aliyeshika makuchani utepe wenye maneno "Bhinneka Tunggal Ika", ambayo maana yake ni kwamba wako mbalimbali walakini ni wamoja. Kifuani mwa ndege huyo pana alama tano, nazo ni za misingi mitano ya dola iitwayo Pancasila. Katikati pana nyota, alama ya msingi wa kwanza: "Ketuhanan Yang Maha Esa", yaani kumwamini Mungu aliye Mmoja. Watoto wa shule huyakariri maneno hayo, na wakuu wa serikali huyataja katika kila sherehe. Lakini hayakuwa hivyo yalipoandikwa kwanza, na khabari ya kubadilishwa kwake ina mengi ya kuwafunza Waislamu wa kila nchi.

Visiwa hivyo vilitawaliwa na Waholanzi hata mwaka 1942, Wajapani walipoviteka. Wajapani walipoona vita vinawaelemea, waliahidi uhuru, na mwaka 1945 wakaunda halmashauri ya kuchunguza matayarisho yake. Swali la kwanza lililoletwa mbele ya wajumbe lilikuwa zito: Je, dola hii itasimama juu ya msingi gani? Wako waliosema isimame juu ya Uislamu, kwa kuwa watu wake walio wengi mno ni Waislamu. Wako waliosema isimame juu ya utaifa, dini iwe mbali na serikali. Na wengi wa hao pia walikuwa Waislamu. Tarehe 1 Juni Sukarno alisimama akatoa hotuba juu ya misingi mitano, akaiita Pancasila, na imani ya Mungu akaitaja mwisho katika mpango wake.

Ili kusuluhisha ikhitilafu hiyo, ikateuliwa kamati ya watu 9. Wanane walikuwa Waislamu, wanne kati yao wakisimama upande wa vyama vya dini, nao ni Haji Agus Salim, Abikoesno Tjokrosoejoso, Abdul Kahar Muzakir na Wahid Hasyim, mtoto wa Sheikh Hasyim Asy'ari, mwasisi wa Nahdlatul Ulama. Wa tisa, A. A. Maramis, alikuwa Mkristo. Tarehe 22 Juni 1945 kamati ilitia sahihi tamko lililokuja kuitwa Mkataba wa Jakarta. Imani ya Mungu ilipandishwa ikawa msingi wa kwanza, na nyuma yake yakaongezwa maneno saba ya Kiindonesia: "dengan kewajiban menjalankan syariat Islam bagi pemeluk-pemeluknya". Maana yake ni: pamoja na wajibu wa kufuata sharia ya Kiislamu kwa wale walio wafuasi wake.

Tamko hilo lilipofikishwa mbele ya halmashauri mwezi wa Julai, mabishano yalifumka upya. Latuharhary, Mkristo kutoka visiwa vya Maluku, alisema kwamba maneno yale yangekuwa na taathira kubwa kwa watu wa dini nyingine, na tena yangegongana na mila za makabila. Wako Waislamu pia waliochelea kwamba serikali ingekuja kumlazimisha mtu ibada. Agus Salim akajibu kwamba mvutano baina ya mila na dini ni wa zamani, na kwamba amani ya watu wa dini nyingine haikutegemea nguvu za dola bali tabia za Waislamu wenyewe, walio wengi. Wahid Hasyim alikumbusha kwamba ikiwa wako wanaoyaona maneno hayo makali mno, wako na wengine wanaoyaona hayana ukali wa kutosha.

Na kweli walikuwapo. Mmoja wao ni Ki Bagus Hadikusumo, raisi wa Muhammadiyah. Yeye hakuridhika na kauli ya mwisho, "kwa wale walio wafuasi wake", akataka iondolewe. Aliona haifai dola moja kuwa na hukumu mbili. Ikambidi Sukarno awasihi wajumbe wa pande zote wajitolee kwa ajili ya umoja na kulikubali tamko kama lilivyoafikiwa. Hatimaye wakakubali. Kwa hivyo maneno saba yenyewe yalikuwa ni suluhu, na kila upande ulikuwa umekwisha kuacha kitu kwa ajili yake.

Tarehe 17 Agosti 1945, siku mbili baada ya Japani kutangaza kusalimu amri, Sukarno na Muhammad Hatta wakatangaza uhuru. Kwa maelezo ya Hatta mwenyewe, jioni ya siku ile ile alijiwa na afisa wa jeshi la majini la Japani, akamletea ujumbe kwamba Wakristo wa majimbo ya mashariki wanayapinga vikali maneno saba, na kwamba yakibaki, wao watakaa nje ya Jamhuri. Jamhuri ilikuwa haijatimiza hata siku moja, na Waholanzi walikuwa njiani kurejea.

Asubuhi ya tarehe 18, kabla ya kikao cha kupitisha katiba, Hatta aliwaita pembeni viongozi wa upande wa Kiislamu. Walikuwapo Ki Bagus Hadikusumo, Kasman Singodimedjo na Teuku Muhammad Hasan. Ama Wahid Hasyim, khabari zinakhitilafiana kama alihudhuria. Aliyekuwa mgumu kuliko wote alikuwa Ki Bagus. Mtu huyu, ambaye mwezi mmoja nyuma alidai sharia bila ya mpaka, sasa alikuwa akiombwa aache hata kile kidogo kilichobaki. Kasman alimwendea mzee wake akamsihi kwa Kijava cha adabu. Alimweleza kwamba adui yuko mlangoni, na kwamba katiba hii ni ya muda tu: Sukarno amesema imetungwa kwa haraka, na hali itakapotulia wajumbe waliochaguliwa na watu watakutana kuitengeneza iliyo kamili, hapo Waislamu wataweza kulileta tena shauri lao.

Ki Bagus akakubali. Mahali pa maneno saba pakawekwa "Yang Maha Esa", na kwa fahamu yake maneno hayo hayakuwa na maana nyingine ila tauhidi. Kwa kauli ya Hatta, mazungumzo hayo hayakutimiza dakika 15. Siku hiyo hiyo liliondolewa pia sharti la kwamba raisi wa nchi lazima awe Mwislamu.

Jamhuri haikugawanyika siku ile. Walakini jeraha lilibaki, na lisingefaa kufichwa. Mwaka 1949 Kartosuwiryo alitangaza dola ya Kiislamu katika Java ya Magharibi na kupigana na Jamhuri miaka mingi, Waislamu wakiuana na Waislamu, hata alipokamatwa na kuuawa mwaka 1962. Aceh nayo iliasi mwaka 1953 chini ya Daud Beureueh. Sababu za maasi hayo zilikuwa nyingi, lakini kilio cha kwamba dola imeipa sharia mgongo kilisikika katika yote mawili.

Wengine wengi hawakushika silaha, walingoja ahadi. Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Katiba ulifanywa Desemba 1955, na baraza likaanza kazi Novemba 1956 mjini Bandung, katika jengo lile lile ambamo wajumbe wa Asia na Afrika walikutana mwaka 1955. Wajumbe walikuwa 514. Waliotaka Uislamu uwe msingi wa dola walikuwa 230, na waliotaka Pancasila 274. Muhammad Natsir alisimama kutetea Uislamu kwa hoja na ufasaha, na wa upande wa pili nao walijibu kwa hoja. Kasman Singodimedjo akalikumbusha baraza ahadi ya mwaka 1945. Ki Bagus, aliyekubali kwa kuitegemea ahadi hiyo, alikuwa amekwisha kufariki.

Serikali ilipotaka irejewe katiba ya mwaka 1945, vyama vya Kiislamu vilisema vitakubali iwapo maneno saba yatarudishwa. Tarehe 29 Mei 1959 kura zikapigwa: waliokubali 201, waliokataa 265. Kisha shauri la kuirejea katiba bila ya maneno hayo likapigiwa kura mara 3, na kila mara likapata wengi lakini si theluthi mbili zilizotakiwa. Hakuna upande ulioweza kuushinda mwingine. Tarehe 5 Julai Sukarno akalivunja baraza kwa amri yake, akairudisha katiba ya mwaka 1945, na katika amri hiyo akataja kwamba Mkataba wa Jakarta ndio unaoipa katiba roho yake. Ilikuwa ni njia ya kuwaridhisha Waislamu bila ya kuwapa walichokiomba. Mwaka uliofuata Masyumi, chama cha Natsir, kikavunjwa.

Hapo pana jambo la kupimwa kwa insafu. Kufutwa maneno mwaka 1945 kulifanywa na wenyewe, kwa ridhaa, nchi ikiwa hatarini. Kufungwa kwa mjadala mwaka 1959 kulifanywa kwa amri. La kwanza lina heshima ambayo la pili halina, na uchungu mwingi uliodumu baadaye haukutoka katika maneno yaliyoachwa tu, bali pia katika ahadi ambayo haikutimizwa kwa njia iliyoahidiwa.

Hata hivyo Waislamu wa Indonesia hawakukaa kuomboleza. Wizara ya Dini ilikwisha kuundwa tarehe 3 Januari 1946, na Wahid Hasyim akawa waziri wake kuanzia mwaka 1949. Vyuo vya masheikh, shule na hospitali za Muhammadiyah, na mahakama za kadhi ziliendelea. Mwaka 1974 ikatoka sharia ya ndoa, na mwaka 1989 sharia ya mahakama za kidini. Mengi ambayo maneno saba yalikusudia kuyalinda yalilindwa kwa kazi ya mikono. Nahdlatul Ulama, katika mkutano wake wa Situbondo wa mwaka 1983, ilitamka kwamba msingi wa kwanza wa Pancasila unaakisi tauhidi. Ni kweli kwamba wakati ule serikali ya Suharto ilikuwa ikivibana vyama vyote viikubali Pancasila. Lakini mwaka 2002, vyama vikiwa huru, baadhi ya vyama vya Kiislamu vilipotaka maneno saba yarudishwe katika katiba, viongozi wa Nahdlatul Ulama na Muhammadiyah hawakuwaunga mkono, na shauri likaanguka.

Wako mpaka leo wanaosema kwamba wazee wa mwaka 1945 walitoa kisichokuwa chao kutolewa. Wako wanaosema kwamba bila ya wao pasingekuwa na nchi ya kubishaniwa. Pande zote mbili zina watu wa elimu na uchaji. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba Ki Bagus Hadikusumo aliyatoa maneno hayo kwa wepesi wa dini. Aliyetaka zaidi kuliko wote ndiye aliyeachia zaidi kuliko wote, akalibakisha moja ambalo hakuwa tayari kuliachia, nalo ni kwamba Mungu ni Mmoja.

Masahaba waliorejea na huzuni kutoka Hudaibiya walisomewa njiani Sura ya Ushindi, na haikupita miaka 2 wakaingia Makka. Wazee wa Jakarta hawakuwa na Mtume kati yao wala wahyi wa kuwatuliza; walikuwa na rai zao, hofu yao juu ya nchi yao, na kuaminiana kwao. Kila jumuiya ya Waislamu inayoishi pamoja na watu wa dini nyingine hufika siku moja mahali kama pale, ambapo neno moja laweza kuunga au kutenga. Siku hiyo mwenye kuachia anastahiki heshima, na mwenye kuachiwa anadaiwa ahadi.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee hao, na awajaalie Waislamu wa kila mahali hekima ya kushauriana na uaminifu wa kutimiza ahadi. Amin.