Uzi: Kwa nini tao huahidiwa upya kila miaka mitano

1/ Msimu wa kampeni ukifika kuna ahadi moja haikosi: "Tutarudisha hadhi ya katikati ya jiji." Halafu picha za kompyuta zinasambazwa. Miti mingi, barabara safi, watu wanatembea na watoto wao. Mchuuzi humwoni. Matatu huioni. Leo sitaji mgombea wala chama. Nataka tuangalie historia, kwa sababu Nairobi haijawahi kukosa mipango. Imekuwa nayo zaidi ya karne moja.

2/ Kwanza mnijue. Nina stoli ya kuchapa kadi, risiti na vibango River Road, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kampeni ndio msimu wetu wa kazi. Nimechapa ahadi za pande zote, kwa hivyo hakuna wa kuniuliza niko upande gani. Niko upande wa mtu anayelipa kodi ya stoli kila tarehe tano.

3/ Tuanze mwanzo. Reli ilifika hapa 1899. Wamaasai walipaita mahali pa maji baridi, na kweli palikuwa na maji: kinamasi, na udongo mweusi unaonasa gurudumu. Wenye reli walikuwa na mchoro tangu 1898, yaani mji ulichorwa kabla treni haijafika. Mchoro ulikuwa na stesheni, karakana, nyumba za wafanyakazi na mahali pa bazaa. Ulikuwa mchoro wa depo. Hakuna aliyefikiria mamilioni ya watu.

4/ Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye bazaa ya Wahindi. Dawa ya serikali ya kikoloni ilikuwa kiberiti: bazaa ikachomwa. Kumbuka hapo. Mara ya kwanza katikati ya Nairobi "kusafishwa", waliopoteza maduka ni wafanyabiashara wadogo, na neno lililotumika lilikuwa afya.

5/ 1913 akaja mtaalamu, Profesa Simpson, na ripoti yake. Akapendekeza mbari zitenganishwe: Wazungu huku, Wahindi kule, Waafrika kwingine, na biashara ipewe eneo lake. Tena kwa jina la afya. Mpango wa 1927 ukafuata, wa mji mkuu wa walowezi, jina lake tu linakwambia ulikuwa wa nani. Mwafrika alikuja tao kufanya kazi, kipande shingoni, jioni arudi mashariki. Ukishangaa kwa nini hadi leo Eastlands inaamka saa kumi usiku kufuata kazi tao, jibu lilianza hapo.

6/ 1948 ukatoka mpango mkuu maarufu, wa "mji mkuu wa kikoloni". Walioutengeneza walitoka Afrika Kusini: msanifu Thornton White, mwanasosholojia Silberman na mhandisi Anderson. Ulikuwa na mawazo mazuri, tuseme ukweli. Mitaa yenye shule, duka na uwanja wake, mtoto asivuke barabara kubwa kwenda darasani. Lakini uliepuka swali gumu la nani anaruhusiwa kuishi wapi. Mpango ukinyamaza juu ya swali kama hilo, hali iliyopo inaendelea.

7/ Uhuru ukaja, vizuizi vikaondoka, watu wakaingia. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Mwaka 1973 ukaandikwa mkakati mpya wa ukuaji wa jiji, wa kutufikisha mwaka 2000. Wazo lake kubwa lilikuwa hili: kazi na biashara zisirundikane tao peke yake, vijengwe vituo vingine karibu na watu wanapolala.

8/ Soma tena hiyo ya saba. 1973. Walijua. Msongamano tunaoulaani leo ulionekana kwenye karatasi zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na dawa ikaandikwa. Kilichotokea ni kwamba ofisi kubwa zilihama zenyewe baadaye kwenda Upper Hill na Westlands, kufuata nafasi na pesa. Eastlands, kwenye watu wengi, kazi hazikufuata. Ndiyo maana mimi nakaa Kayole na kazi yangu iko River Road.

9/ Mwaka 2000 ukafika, mkakati ukaisha muda. Mpango mwingine wa jiji zima ulikuja 2014, ule wa NIUPLAN uliotengenezwa kwa msaada wa Wajapani wa JICA, wa kufika 2030. Kutoka 1973 hadi 2014 ni miaka 41. Katikati hapo kila mtu alijenga alivyoweza. Na sensa ya 2019 ilipohesabu, tulikuwa 4,397,073.

10/ Sasa tuje kwa mambo matatu yanayozua kelele kwenye mijadala. La kwanza, wachuuzi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 soko la Muthurwa lilifunguliwa ili waliokuwa wakiuza barabarani wahamie huko. Wengi walirudi tao. Watu husema ni ukaidi. Hapana. Mchuuzi hauzi mahali, anauza kwa mtu anayepita. Mama anayeuza soksi anamtegemea mtu anayetoka kazini saa kumi na moja akielekea steji. Ukimhamisha yeye bila kuhamisha hao wapita njia, umemfungia biashara, na kesho utatuma kanjo wamkimbize tena.

11/ La pili, matatu. Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Mnakumbuka? Wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, wagonjwa wanaoenda kliniki, wote kwa mguu kutoka mbali. Marufuku haikumaliza hata siku mbili ikasimamishwa. Kupunguza magari tao si wazo baya, miji mingi imefanya. Lakini kwanza unaweka kitakachombeba mtu, kisha unaondoa kilichokuwa kikimbeba. Sisi tulianzia mwisho.

12/ La tatu, barabara za watembeao. Hapa kuna jambo la kusifu. Mwaka 2019 Luthuli Avenue ilibadilishwa kwa ushirikiano na UN-Habitat: magari upande mmoja, njia pana ya miguu, miti. Luthuli ni mtaa wa redio, spika na simu, zamani ungepita pale kwa viwiko. Sasa unapumua. Hawakubomoa mtaa wala kufukuza wenye maduka. Wabongo wa mipango wanaweza kuandika kurasa mia tano, lakini kwangu somo ni hilo: anza na mtaa mmoja, uache watu wake ndani.

13/ Halafu kuna ndoto kubwa: ardhi ya reli, takriban ekari 425 karibu na stesheni kuu, inayopangwa kuwa mji mpya wa ofisi, nyumba na usafiri. Wazo lilikuwa ndani ya ule mpango wa 2014. Linafaa kujadiliwa kwa makini, kwa sababu kazi ya namna hii inakula miaka ishirini au zaidi. Gavana anapewa miaka mitano, kumi akichaguliwa tena. Yaani anayezindua si atakayekamilisha. Ndiyo maana kila mmoja anataka mradi wake mpya wenye jina lake, na wa mwenzake unaachwa na mabati yamezungushwa.

14/ Sheria iliona tatizo hili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema pesa za umma zisitengwe nje ya mipango iliyoidhinishwa. Kuna mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi. Ule wa kumi umewekwa makusudi uvuke uchaguzi. Kwa hivyo mgombea akikuahidi kitu, swali la haki ni: kiko kwenye mpango upi? Kama hakiko, atakiingiza vipi?

15/ Lakini swali langu mimi wa stoli ni lingine. Tao ikipendeza, nani anabaki? Majengo yetu ya River Road mengi yamegawanywa vyumba vidogo. Kupata stoli unalipa gudiwili, pesa nyingi kuliko kodi ya mwaka, na mara nyingi bila risiti. Jengo la jirani yetu liliuzwa. Wenye stoli waliambiwa watoke, gudiwili haikurudi. Jirani mmoja aliyekuwa akishona sare za shule alihamisha cherehani tatu kwa mkokoteni na sijamwona tena tao.

16/ Jueni haki zenu basi. Sheria ya wapangaji wa maduka, Cap 301, inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi. Mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa neno la mdomo, lazima akupe notisi ya maandishi, si chini ya miezi miwili, na unaweza kuipinga mbele ya mahakama maalum ya kodi za majengo ya biashara. Weka kila ujumbe wa M-Pesa wa kodi, ndio ushahidi wako. Kwa ardhi inayotwaliwa na serikali, Katiba kifungu cha 40 inataka fidia kamili na ya haraka, na inaruhusu hata anayeishi pale kwa nia njema bila hati afikiriwe. Inaruhusu, hailazimishi. Hapo ndipo sauti yetu inahitajika.

17/ Kwa hivyo mgombea yeyote akija barazani na picha za miti, muulizeni haya manne. Moja: utaendeleza mpango gani uliokuwepo, na utaacha upi, na kwa nini? Mbili: wachuuzi mmewahesabu? Wangapi, wanauza nini, saa ngapi? Tatu: wakati wa ujenzi, mwenye duka ataishi vipi miezi ambayo barabara imechimbwa? Nne: wapangaji waliopo wana nafasi ya kwanza kurudi, na imeandikwa wapi? Akijibu "tutashirikisha wananchi", mwambie ataje tarehe na ukumbi.

18/ Na mkiitwa kwenye vikao vya maoni, nendeni. Mara nyingi huwekwa asubuhi ya siku ya kazi, sisi tuko kazini, wanaofika ni wachache, kisha inaandikwa "wananchi walishirikishwa". Tulipokaa sisi wa ghorofa yetu tuliamua kupokezana: wawili wanaenda, wengine wanawaangalizia stoli. Andikeni maoni, yapigwe muhuri, mbaki na nakala.

19/ 1902 walichoma bazaa, hakuna aliyewauliza wenye maduka. Leo Katiba inasema lazima tuulizwe. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mipango ya zamani na ya sasa, na haitufaidi kitu kama hatufiki.

Kama uko Kisumu, Nakuru, Eldoret au Mombasa, niandikie hapa chini tao yenu imeahidiwa nini na imefika wapi. Uzi umeishia hapo. Msambazie jirani wa stoli.