Ganzi ya Mikono, Kutoka Cleveland hadi Macalder

Mwaka 1854 daktari Mwingereza James Paget alieleza neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Karne moja baadaye, George Phalen wa Cleveland, Marekani, akaleta kipimo rahisi: kunja vifundo kwa dakika moja. Ganzi ikishika gumba na vidole viwili jirani, shuku neva hiyo. Lakini wagonjwa wake wengi walikuwa akina mama wa nyumbani, naye hakuihesabu kazi kuwa chanzo. Kwani kufua na kukamua si kazi?

Huku Macalder, Migori, kina mama huponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Homa Bay, nyavu za omena huvutwa usiku. Anayeamka akikung'uta mkono aulizwe kwanza anafanya kazi gani. Mapema, banzi la usiku husaidia. Ukichelewa, hata baada ya upasuaji nguvu ya gumba huenda isirudi.