Mtoto Analia Sikio, Nani Atalipa?

Mwaka 1884 Bunge la Marekani liliagiza madaktari wa jeshi watibu familia za maofisa na askari bure, pale inapowezekana. Hapo kwenye "inapowezekana" ndipo palipokuwa na kazi. Daktari wa kambi akiwa na nafasi, mke wa askari anatibiwa. Asipokuwa nayo, shauri lake.

Vita Kuu ya Pili iliwavalisha sare mamilioni ya vijana, wengi wameacha wake wajawazito nyumbani. Mwaka 1943 serikali ikaanza kugharamia uzazi wa wake wa askari wa vyeo vya chini, pamoja na matibabu ya watoto wao wachanga. Vita vilipokwisha, mpango nao ukafungwa.

Sheria kamili ilikuja Juni 7, 1956, iliposainiwa na Rais Eisenhower. Sasa familia iliweza kwenda hospitali za kiraia, lakini hesabu yake ilikuwa ya ajabu. Mama akilazwa siku kumi kwa upasuaji wa kidole tumbo, alilipa dola 25 tu, nyingine zikalipwa na serikali. Mwanawe akiamka usiku analia sikio, akapelekwa kwa daktari wa mtaani na kurudi na dawa, bili yote ilikuwa ya baba. Anayeishi jirani na kambi angeweza kupanga foleni huko. Aliye mbali alitoboka mfuko. Sheria ilimjua mgonjwa wa kitandani, si wa kwenye benchi.

Ilichukua miaka kumi benchi hilo kukumbukwa. Septemba 30, 1966, Rais Johnson alisaini marekebisho yaliyozaa mpango wa CHAMPUS: familia inaanza kulipa dola 50 kwa mtu, au 100 kwa nyumba nzima kwa mwaka, kisha inachangia asilimia 20 ya kila bili ya mgonjwa asiyelazwa.

Kuchagua kulikuja baadaye. Majaribio yalianza California na Hawaii mwaka 1988, na mwaka 1995 mpango mpya, TRICARE, ukazinduliwa Washington na Oregon ukiwa na njia tatu. Tangu 2018 familia nyingi za askari walio kazini huchagua kati ya mbili, ingawa jina halijabadilika. Prime ina daktari aliyepangiwa familia na haina malipo ya kumwona, ila kumwona bingwa kwa kawaida kunahitaji rufaa. Select inakuachia daktari umtakaye, nawe unachangia.

Dirisha la kubadili hufunguliwa mara moja kwa mwaka. Akizaliwa mtoto, au askari akihamishwa kituo, familia hupewa siku 90.